Dalali kasema bei ya nyumba itapanda? Pima mwenyewe kabla hujatoa mtaji dukani



Somo la leo ni refu kidogo, ila vumilia usome mpaka mwisho, maana linahusu hela kubwa kuliko somo la kupanga bidhaa au la daftari la madeni.

Mimi nauza vifaa vya ujenzi. Duka langu liko pembeni ya barabara ya Morogoro, kati ya Mbezi na Kibaha. Kwa kazi hii nakutana kila siku na wanaojenga, wanaonunua, wanaouza, na madalali wao. Kuna sentensi moja naisikia mpaka nimeizoea: "Nunua sasa hivi, baada ya miaka mitatu hapa bei ni mara mbili."

Mfanyabiashara mdogo akisikia hivyo, moyo unamdunda. Anaangalia duka lake, anaona mzigo wa milioni 30 au 40 umelala kwenye shelfu, anajiuliza: si bora niutoe nikanunue kile kiwanja, au ile nyumba ya vyumba vitatu? Wengine wanatoa. Baada ya miezi sita shelfu ni tupu, wateja wamehamia duka la jirani, na kiwanja bado kiko vilevile na majani yake.

Sisemi usinunue. Nyumba ni kitu kizuri, na biashara yangu yenyewe inaishi kwa watu wanaojenga. Nachotaka ni hiki: mtu akikwambia bei itapanda, ujue anakupa UTABIRI, na utabiri una vitu vyake vya kuupima. Vitu hivyo viko mtaani kwako, unaweza kuviona kwa macho.

Utabiri wa bei ni nini hasa?

Ni rahisi tu. Mtu anachukua bei ya leo, anaangalia ilivyokwenda huko nyuma, halafu anasema itaendelea hivyo hivyo. Mwenye kompyuta anafanya kwa hesabu nyingi, dalali anafanya kwa mdomo. Tatizo ni lile neno "hivyo hivyo". Bei haipandi kwa sababu ilipanda jana. Inapanda kwa sababu kuna watu wanaotaka kukaa pale, wana hela, na nyumba hazitoshi. Kimoja kati ya hivyo vitatu kikibadilika, utabiri umekufa.

Usidhani ni sisi wa mtaani tu tunaokosea. Kule Marekani kuna kampuni kubwa inaitwa Zillow. Ina taarifa za mamilioni ya nyumba na programu ya kukadiria bei ya kila moja. Wakaingia kwenye biashara ya kununua nyumba wenyewe na kuziuza, wakitegemea makadirio yao. Novemba 2021 walitangaza kuifunga biashara hiyo. Katika robo moja tu ya mwaka walishusha thamani ya nyumba walizokuwa nazo kwa dola zaidi ya milioni 300, na wakatangaza kupunguza karibu robo ya wafanyakazi wao. Bosi wao, Rich Barton, alikiri hadharani kwamba kutabiri bei za nyumba kumekuwa kugumu kuliko walivyotarajia.

Sasa kama wale wenye kompyuta walikwama kutabiri miezi michache mbele, dalali wa kijiweni anayekuhakikishia miaka mitatu anatumia nini?

Hesabu moja ya kukufungua macho

Mwaka 2002 sensa ilihesabu watu kama milioni 2.5 mkoa wa Dar es Salaam. Mwaka 2012 wakawa milioni 4.36. Ongezeko la robo tatu kwa miaka kumi! Mtu wa 2012 angechukua kasi hiyo na kusema "itaendelea hivyo hivyo", angetabiri kwamba 2022 Dar itakuwa na watu zaidi ya milioni 7 na nusu. Sensa ya 2022 ikaja: milioni 5.38.

Kwa hiyo watu walikwenda wapi? Sehemu ya jibu naiona dukani kwangu. Mkoa wa Pwani, ambao uko jirani hapa, ulitoka watu milioni 1.1 mwaka 2012 ukafika milioni 2.02 mwaka 2022. Karibu maradufu. Kibaha, Mkuranga, Bagamoyo. Watu wamevuka mpaka wa mkoa wakifuata viwanja wanavyovimudu, huku wengi wao bado wanafanya kazi na biashara zao Dar.

Somo ni nini hapo? Aliyesema "Dar inakua" alikuwa sahihi. Ila ukuaji haukugawanywa sawa. Wastani wa mji mzima haununui nyumba. Unanunua nyumba kwenye mtaa mmoja, na mtaa huo una hali yake. Jirani zetu Kenya, chama cha mabenki cha huko kimekuwa kikitoa kipimo cha bei za nyumba tangu 2015, na kinasaidia kuona mwelekeo. Lakini hata wao, mtu wa Ruiru hawezi kuchukua namba ya nchi nzima akaenda nayo kununua nyumba mtaa fulani bila kuangalia mtaa wenyewe.

Haya, twende kwenye vitu saba vya kuangalia.

1. Nani anahamia, na kwa nini

Uliza: hapa wanakuja watu gani? Wafanyakazi wa kiwanda? Wanafunzi wa chuo? Wastaafu waliopata mafao? Kila kundi lina bei yake na lina mwisho wake.

Dodoma ni mfano mzuri. Julai 2016 Rais Magufuli alitangaza kwamba serikali inahamia kule kweli kweli. Aprili 2018 Dodoma ikapewa hadhi ya jiji. Wizara zikahama na watumishi wake, na watumishi wanahitaji pa kulala. Hapo kulikuwa na sababu ya kweli ya bei na kodi kupanda. Mkoa wa Dodoma ulitoka watu milioni 2.08 mwaka 2012 ukafika kama milioni 3.09 mwaka 2022.

Lakini sikiliza vizuri. Habari ikishajulikana na kila mtu, muuzaji naye ameisikia. Ameshaiweka kwenye bei. Aliyenunua Dodoma kabla ya tangazo alipata faida ya tangazo. Anayenunua leo analipia tangazo la 2016. Kwa hiyo ukiambiwa "hapa inakuja stendi", swali lako liwe: je, kwenye bei unayonitajia, stendi imo au haimo? Mara nyingi imo.

Na hata hadithi ya Dodoma ina mitaa yake. Mtumishi anataka karibu na ofisi na shule ya watoto. Kiwanja cha mbali kisicho na maji hakipandi kwa sababu tu kiko kwenye jiji lenye wizara.

2. Barabara na usafiri: limetangazwa, limeanza, au limeisha?

Hapa ndipo watu wengi wanapigwa. Mradi una hatua tatu: kutangazwa, kujengwa, na kutumika. Bei inaruka kwenye tangazo. Lakini wewe utakula matunda kwenye kutumika, na katikati hapo inaweza kupita miaka kumi, au usifike kabisa.

Miradi iliyofika ipo. Mwaka 2016 daraja la Kigamboni lilifunguliwa, na mwaka huohuo mabasi ya mwendokasi yakaanza kati ya Kimara na Kivukoni. Katikati ya 2024 treni ya umeme ikaanza kubeba abiria kutoka Dar mpaka Morogoro, kisha mpaka Dodoma. Hiyo ni miradi unayopanda na kulipa nauli. Unaweza kupiga hesabu: mtu wa hapa anafika kazini kwa muda gani na kwa shilingi ngapi?

Na miradi iliyokwama ipo. Mwaka 2008 ulitangazwa mpango wa mji mpya Kigamboni. Wenye maeneo wakazuiwa kuyaendeleza kwa muda mrefu, na ule mji haukujengwa kama ulivyochorwa. Bandari ya Bagamoyo iliwekewa jiwe la msingi Oktoba 2015, kisha mradi ukasimama. Mtu aliyenunua eneo kwa bei ya "bandari inakuja" amekaa na karatasi miaka mingi.

Kuna jambo lingine wasilokuambia. Barabara ikipanuliwa inampa hela wa mstari wa pili, na inaweza kumtoa wa mstari wa kwanza. Mwaka 2017 hapa kwetu, kuanzia Kimara mpaka Kiluvya, nyumba na fremu zilizohesabiwa kuwa ndani ya hifadhi ya barabara zilibomolewa kupisha upanuzi wa barabara ya Morogoro. Barabara ileile iliyopandisha bei za nyuma yake ilifuta za mbele yake. Kwa hiyo ukinunua karibu na barabara kuu, usiulize dalali hifadhi inaishia wapi. Nenda TANROADS uoneshwe.

3. Maji, umeme, na masika

Mtaa wenye maji ya bomba na ule wa jirani unaonunua maji ya boza hauna bei moja, na hautapanda kwa kasi moja. Hilo wengi wanalijua. Wanalolisahau ni maji ya mvua.

Bonde la Msimbazi, pale Jangwani, ni katikati ya jiji kabisa. Kwa ramani ungesema bei ni ya juu sana. Lakini mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu na kuharibu nyumba, na serikali ikawapeleka baadhi ya waathirika Mabwepande. Ukaribu na mjini haukuwasaidia.

Ushauri wangu: kiwanja kikionekana kizuri Agosti, subiri ukione Aprili. Ukishindwa kusubiri, ongea na mama anayepika chakula pale mtaani au fundi baiskeli aliyekaa miaka kumi. Muulize maji yalifika wapi. Angalia pia msingi wa nyumba za jirani. Ukiona kila mtu kapandisha msingi kozi nyingi, mtaa umeshakujibu.

4. Karatasi

Nyumba mbili zinaweza kuwa ukuta kwa ukuta, moja ina hati, nyingine ina karatasi ya mauziano iliyogongwa muhuri serikali ya mtaa. Hizo ni bidhaa mbili tofauti.

Kisheria ardhi yote Tanzania ni ya umma, iko chini ya Rais kama mdhamini. Wewe unapata haki ya kuitumia. Ukiwa na hati, inakuwa na muda wake, kwa mfano miaka 33, 66 au 99. Kwa hiyo unaponunua yenye hati, angalia imebaki miaka mingapi na kodi ya pango la ardhi inadaiwa kiasi gani. Deni la miaka kumi linaweza kuja na nyumba.

Karatasi inaingiaje kwenye utabiri? Inaingia kwa mnunuzi wa kesho. Nyumba yenye hati inaweza kununuliwa na mwenye hela taslimu, na pia na mtu wa mkopo wa benki. Isiyo na hati inamngoja mwenye taslimu peke yake. Wanunuzi wachache, bei inapanda pole pole na kuuza kunachukua muda. Halafu kuna mitaa inayopimwa: siku upimaji ukikamilika na hati zikatoka, bei inaweza kuruka. Lakini hapo pia uliza kile cha kwanza: upimaji umetangazwa, umeanza, au umeisha?

5. Hela inatoka wapi

Huko Marekani watu wengi wananunua nyumba kwa mkopo wa miaka 30. Mwaka 2021 riba ya mkopo huo ilikuwa karibu asilimia 3. Mwishoni mwa 2022 ikawa imepita 7. Nyumba ileile, marejesho ya mwezi yakapanda sana, wanunuzi wengi wakasimama. Kule, ukijua riba umejua nusu ya utabiri.

Huku kwetu ni tofauti. Mikopo ya nyumba ipo, lakini riba yake ni ya tarakimu mbili na wanaoitumia ni wachache. Wengi tunajenga kidogo kidogo. Leo tripu ya mchanga, mwezi ujao tofali 300, Desemba lenta, mwakani bati. Mimi nina wateja ninaowauzia nyumba moja kwa miaka sita.

Kwa hiyo bei za mtaa wetu zinafuata mifuko ya watu wa mtaa wetu. Mtaa uliojaa wafanyabiashara unasikiliza biashara. Mji wa korosho unasikiliza bei ya korosho. Mtaa wa watumishi unasikiliza mishahara na mafao. Masaki na Oysterbay wanasikiliza makampuni na wageni, ndiyo maana huko kodi zilizoeleka kutajwa kwa dola mpaka kanuni za 2025 zilipokataza kutoza bei za ndani kwa fedha za kigeni. Muulize dalali: wanunuzi wa mwisho watano hapa walikuwa watu gani, na hela waliitoa wapi? Ukiona wote ni wa chanzo kimoja, mtaa huo umesimama mguu mmoja. Chanzo kikiyumba, bei inayumba.

6. Ngapi zinauzwa, na zimekaa muda gani

Hii haina gharama, ni miguu yako tu. Tembea mtaa jioni moja. Hesabu vibao vya "NYUMBA INAUZWA" na "KIWANJA KINAUZWA". Chukua namba, piga simu, andika bei. Rudi baada ya miezi mitatu. Ngapi zimeuzwa? Ngapi zimeshusha bei? Ngapi bado zipo, kibao kimeshapauka kwa jua?

Kibao kilichopauka kinasema ukweli kuliko dalali. Kinasema bei inayotajwa hapa hakuna anayeilipa.

Hapo ndipo utofautishe BEI YA KUTAJA na BEI YA KUUZIANA. Sisi wafanyabiashara tunalijua hili vizuri. Unaandika bei ya elfu 25, mteja anaondoka na mzigo kwa elfu 21. Nyumba ni hivyo hivyo, ila punguzo ni mamilioni. Utabiri uliojengwa juu ya bei za kutaja umejengwa juu ya mchanga. Tafuta waliouziana kweli, wenye mauziano yaliyoshuhudiwa. Mwenyekiti wa mtaa na mjumbe wanajua mengi, ukienda kwa adabu na bila haraka.

Na ukiona ukuta umeandikwa "NYUMBA HII HAIUZWI", usipite tu. Mara nyingi kuna ndugu wanaogombana au tapeli aliyewahi kujaribu kuiuza. Ukiziona nyingi mtaa mmoja, ongeza umakini kwenye karatasi.

7. Kujenga jirani kunagharimu ngapi

Hili ni la duka langu. Tufanye mfano, namba ni za kufundishia. Nyumba inauzwa milioni 90. Pembeni yake kuna viwanja vitupu vya milioni 15, na kujenga nyumba kama ile kunachukua milioni 55. Jumla milioni 70. Mnunuzi mwenye akili atauliza: kwa nini nilipe 90? Atalipa kidogo zaidi kwa kukwepa usumbufu wa mafundi, lakini hatalipa milioni 20 zaidi.

Maana yake, mahali ambapo viwanja vitupu ni vingi, bei ya nyumba ina dari. Hiyo dari ni bei ya kiwanja jumlisha saruji, nondo, bati na fundi. Inapanda pale tu kiwanja au vifaa vinapopanda. Mahali ambapo viwanja vimeisha, kama Kariakoo, dari hiyo haipo, na ndiyo maana kule watu wanabomoa nyumba nzima ili wapate ardhi ya kupandisha ghorofa.

Kwa hiyo huku pembezoni, ukiambiwa bei itapanda mara mbili, geuka uangalie pori. Kama pori bado lipo hatua mia tano kutoka hapo, mnunuzi wa kesho ana pa kwenda.

Sasa tupige hesabu

Tuseme una milioni 40 dukani na dalali anataka uzihamishie kwenye nyumba ndogo. Anasema itakuwa milioni 80 baada ya miaka mitatu. Ili hilo litokee, bei lazima ipande kwa asilimia 26 kila mwaka, mitatu mfululizo. Muulize: lini mara ya mwisho mtaa huu ulifanya hivyo?

Mimi sipendi utabiri wa namba moja. Napiga tatu, kwa miaka mitano.

Hali mbaya: bei haisogei. Una milioni 40 ileile, lakini vitu vingine vimepanda. Bidhaa zikipanda kwa asilimia 3 tu kwa mwaka, hiyo 40 itanunua vitu ambavyo leo ni vya kama milioni 34 na nusu.

Hali ya kawaida: bei inapanda asilimia 5 kwa mwaka. Utakuwa na kama milioni 51.

Hali nzuri: asilimia 10 kwa mwaka. Utakuwa na kama milioni 64.

Kama utaishi humo na kuacha kulipa kodi ya laki 2 kwa mwezi, ongeza milioni 12 kwa miaka mitano. Hali ya kawaida inakuwa 63, nzuri inakuwa 76. Ondoa humo hela ya dalali, kodi za uhamisho na matengenezo.

Upande wa pili: mtaji uleule wa milioni 40 ukikuletea faida safi ya laki 6 kwa mwezi, ni milioni 7.2 kwa mwaka, milioni 36 kwa miaka mitano. Jumlisha mtaji wako, ni milioni 76. Yaani duka la kawaida linaloenda vizuri linalingana na nyumba iliyopata bahati.

Lakini tuwe wakweli. Duka linaweza kuungua, kuibiwa, au faida yote ikaliwa na mambo ya nyumbani. Kama faida yako inaliwa yote, baada ya miaka mitano una 40 ileile na huna pa kulala. Nyumba ina uzuri huo: huwezi kuitoa mfukoni ukaitumia kwenye harusi ya binamu. Na mama mwenye watoto anayehamishwa na mwenye nyumba kila mwaka ana sababu ya kununua ambayo hesabu hii haiioni. Akipata yenye karatasi safi na isiyofurika, anunue hata kama bei haitapanda, maana amenunua utulivu.

Kwa hiyo amua kwanza: unanunua ili UKAE, au unanunua ili UUZE? Anayenunua akae anaweza kuvumilia utabiri mbovu. Anayenunua auze anaishi kwa utabiri, huyo ndiye apime vitu vyote saba.

Wa kumuuliza ni nani

Dalali analipwa ukinunua, kwa hiyo hawezi kukwambia usubiri. Muuzaji ndiyo kabisa. Mthamini aliyesajiliwa anakupa thamani ya LEO, na kwa nyumba ya mamilioni gharama yake inastahili. Benki nayo ina bei yake. Wakikukopesha wanaangalia pia nyumba ingeuzwa kwa kiasi gani kwa haraka, na hiyo huwa chini ya bei ya soko. Usishangae nyumba ya milioni 80 kupewa mkopo mdogo kuliko ulivyotarajia. Na kabla ya kulipa hata shilingi, fanya upekuzi ofisi ya ardhi ujue jina lililopo kwenye hati na kama kuna zuio au rehani.

Fanya hivi wiki hii

Chukua daftari, ukurasa mmoja kwa kila mtaa unaoufikiria. Andika: nani wanahamia, mradi upi umeisha na upi ni tangazo, maji ya masika yanafika wapi, karatasi ni ipi, hela za wanunuzi zinatoka wapi, vibao vingapi na vimekaa muda gani, kiwanja kitupu cha jirani ni bei gani. Weka tarehe. Rudia baada ya miezi mitatu. Ukurasa wa pili ukiuweka pembeni ya wa kwanza, utaona mtaa unaelekea wapi kabla dalali hajafungua mdomo.

Na ukiamua kununua, nunua kwa faida uliyoitenga. Mzigo unaozunguka uuache dukani. Ukilazimika kugusa mtaji, gusa kiasi ambacho shelfu haitaonekana tupu, maana mteja akikuta huna mara mbili, ya tatu haji. Kiwanja kingine utapata. Mteja aliyehama kumrudisha ni kazi.

Mtumie somo hili mwenzako aliyeshika kishika uchumba mkononi na anatafuta kiwanja. Kazi njema.